Shahidi Nyuma ya Kioo

Jua la Same ni adui wa plastiki. Mji umekaa kwenye uwanda mkavu upande wa magharibi wa Milima ya Upare, na mvua inayoahidiwa na mawingu ya Shengena aghalabu humwagika hukohuko juu, kwenye msitu wa Chome, isifike chini. Gari linaloegeshwa nje mwaka hata mwaka dashibodi yake hupauka, na klipu zilizokuwa zikipinda bila taabu hukauka hadi kukatika kwa sauti ndogo, kama kijiti cha kuni. Fundi umeme anayeombwa kutoa mita, yaani ile sahani yenye mshale wa spidi, geji ya mafuta, geji ya joto, taa za tahadhari na tarakimu za kilomita, anaijua sauti hiyo. Akiisikia, moyo unampasuka, maana klipu ya gari la miaka 20 haipatikani dukani kirahisi.

Kwa hiyo haanzi na nguvu. Anafungua kwanza waya wa hasi kwenye betri, kisha anasubiri. Gari likiwa na mfuko wa hewa ndani ya usukani, Toyota inaagiza zipite sekunde zisizopungua 90 kabla mtu hajagusa kitu karibu nao, kwa kuwa umeme uliobaki kwenye mfumo unaweza kuufyatua. Halafu anashusha usukani hadi mwisho, anatandika kitambaa, anapapasa kwa ncha za vidole mahali klipu zilipojificha. Bisibisi bapa ameivisha utepe isije ikachuna. Nyuma ya fremu kuna skrubu tatu au nne. Zikitoka, mita inalegea, lakini haijawa huru. Kwenye gari la zamani kuna kebo ya spidi inayotoka kwenye gia boksi na kuingia mgongoni mwa mita, na mwenye pupa huing'oa pamoja na shingo yake. Mtulivu huivuta mita kiasi cha kupitisha mkono tu, akabonyeza ulimi wa kila soketi, akashika soketi yenyewe na kuziacha nyaya. Mita ikitoka hulazwa uso juu, kwa sababu baadhi zina mafuta mazito ya silikoni yanayotuliza mshale usiyumbeyumbe, na zikilazwa kifudifudi mafuta hayo huweza kuhama. Mshale haung'olewi bila sababu. Ukirudishwa umekengeuka kidogo tu, kila kitakachosemwa na mita tangu siku hiyo kimekengeuka. Hata kioo hakifutwi kikavu. Vumbi la barabara ya Makanya, kule yanakopita malori ya jasi, linachora kama msasa.

Mita imetoka salama. Klipu zote ziko, kioo hakina mstari, soketi hazijavunjika meno. Mwenye gari anatabasamu.

Lakini je, kweli haijaharibika? Ndani ya sahani ile kuna kitu kinachoweza kuvunjwa pasipo klipu hata moja kukatika, nacho ni ushahidi wake. Dereva haoni moto ulio ndani ya injini. Haoni mafuta yaliyobaki kwenye tangi, wala umbali ambao vyuma vya gari lake vimekwisha kutembea. Anayeviona ni mita, na dereva huiamini. Imani hiyo hupimwa vizuri mlimani kuliko tambarare. Toyota Noah iliyosheheni abiria na mizigo ikipanda kuelekea Mbaga, kona juu ya kona, gia ya kwanza na ya pili, huwa haina shahidi mwingine isipokuwa mshale mdogo wa joto. Mshale ukikaa kimya wakati maji yamekwisha kwenye rejeta, injini itachemsha, gasketi ya silinda hedi itaungua, na watu watalala njiani kwenye ukungu na watoto mgongoni. Kushuka nako kuna taa ya breki, ile nyekundu, ambayo kuwaka kwake ni onyo na kutokuwaka kwake ni ahadi.

Sasa wako mafundi wawili. Wote wanajua kusubiri sekunde 90, wote wanajua klipu ilipo. Mmoja anaifungua mita kubadilisha balbu iliyoungua au kupiga upya lehemu iliyopasuka. Mwingine anaifungua kurudisha kilomita nyuma. Kwenye mita za zamani aliyazungusha kwa sindano magurudumu madogo ya tarakimu. Kwenye za kisasa anatafuta kumbukumbu ya kielektroniki, kidude chenye miguu minane mara nyingi, akaiunganisha na mashine na kuandika namba nyingine. Gari lililotembea 240,000 linarudi sokoni likisoma 90,000. Au anatoa tu balbu ya taa ya injini ili mnunuzi asiione ikiwaka. Kwa macho ya mpita njia, kazi za hawa wawili ni moja. Uzuri wa mikono ni uleule, na pengine wa pili ana mikono mizuri zaidi, maana mwenye kuficha hujitahidi asiache alama. Hapa ndipo swali la fundi linapogeuka kuwa swali la dini: ustadi una upande?

Same ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu majibu yako jirani. Wamisionari Waadventista Wasabato walifika Upare Kusini mwaka 1903. Walutheri wana makao makuu ya Dayosisi ya Pare hapa mjini, Wakatoliki wana jimbo lenye jina la mji wenyewe, na Uislamu una mizizi mirefu kuanzia Usangi hadi tambarare. Mtoto wa Kilutheri hufundishwa kwamba kumshuhudia jirani uongo kumekatazwa na amri ya nane. Mtoto wa Kisabato, kwa hesabu ya kanisa lake, huambiwa ni ya tisa. Namba zimetofautiana, jirani ni yuleyule. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinapokataza udanganyifu wa vipimo, kinataja urefu pamoja na uzani na ujazo, na kilomita ni urefu. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja: wakipokea hutaka kijae, wakitoa hupunguza. Ni ajabu kwamba vitabu vinavyozungumza juu ya mbingu na ufufuo vinakaa muda mrefu hivyo sokoni, mbele ya mizani. Au si ajabu. Mtu anaweza kuigiza sala mbele ya watu. Mizani haiigizi.

Kuna kisa katika mapokeo ya Kiislamu, kilichohifadhiwa katika Sahihi Muslim, ambacho kila muuza magari angepaswa kukijua. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatumbukiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba imenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu, watu waione, na akamhesabu mdanganyifu kuwa si miongoni mwa watu wake. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Kosa lake lilikuwa mpangilio, kavu juu na mbichi chini. Ni kisa cha mkono unaoingia mahali ambapo jicho halifiki, sawa na mkono wa fundi nyuma ya mita.

Watetezi wa kurudisha kilomita wana hoja, na haifai kuipuuza. Husema kilomita ni tarakimu tu, gari ni matunzo. Kilomita 80,000 za lami ya Japani hazilingani na 80,000 za kupanda na kushuka kati ya Same, Mbaga na Gonja. Gari lenye namba kubwa lililobadilishwa oili kwa wakati laweza kuwa zima kuliko lenye namba ndogo lililoteswa. Ni kweli tupu. Lakini ukweli huo unamtaka mnunuzi apewe namba halisi, aipime mwenyewe pamoja na mengine. Kumnyima ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Tena namba ina kazi zaidi ya bei. Injini nyingi za Toyota zenye mkanda wa taimingi hutakiwa kubadilishiwa mkanda huo kila baada ya kilomita 100,000. Mwenye kununua gari linalosoma 70,000, na kumbe limekwisha kupita 170,000 bila kubadilishiwa mkanda, hana sababu ya kushuku. Siku mkanda ukikatika injini inazima palepale, na katika baadhi ya injini valvu hugonga pistoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sijui kama kuna mahali msemo huo unaangukia sawasawa kama kwenye mita iliyorudishwa nyuma, ambapo mtu kwa mkono wake amefupisha njia iliyokwisha kutembewa.

Fundi naye ana kauli yake: nimetumwa. Mwenye gari ndiye muuzaji, mimi nimefungua skrubu nne. Kauli hii imewalaza usingizi wengi. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kuhusu uongo karibu mwaka 395, na humo akaweka uzito kwenye nia: anayesema lisilo kweli akidhani ni kweli hajadanganya, bali anayekusudia mwenzake aamini asichokiamini yeye mwenyewe. Kwa kipimo hicho mita haina dhambi hata ikisoma nini, kwa kuwa haina kusudi. Kusudi liko kwa aliyeiandika. Fundi anaijua namba ya zamani na anaijua ya mpya, na anajua kwamba ya pili imetungwa ili mtu fulani, ambaye hajamwona, aiamini. Huyo ni jirani anayeshuhudiwa uongo, hata kama yuko Morogoro na atalinunua gari mwezi ujao.

Hapo hukumu ni rahisi. Ugumu uko kwingine, kwa fundi mwema.

Tuseme mita imekufa kabisa. Bodi imeungua, haiponi. Mwenye gari, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba Miamba, anahitaji gari kesho. Fundi anapata mita iliyotumika, ya gari la aina ileile, anaifunga kwa uangalifu wote uliotajwa juu. Inafanya kazi: geji zinasema kweli, taa zinawaka, spidi ni sahihi. Ila tarakimu za kilomita ni za gari jingine. Gari la mkulima lilikuwa limetembea 241,000, mita hii inasoma 96,000. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mkulima anajua, fundi anajua. Baada ya miaka miwili mkulima anauza gari, au anafariki na watoto wake wanaliuza, na namba ile, iliyozaliwa bila hila, inageuka uongo kamili midomoni mwa watu wasio na habari. Nani amedanganya?

Augustino peke yake hatufikishi mbali hapa, kwa kuwa nia mbaya haipo. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, anasaidia zaidi. Katika kitabu chake Ihya, anapoeleza adabu za kutafuta riziki, anamtaka muuzaji adhihirishe kasoro zote za bidhaa, za nje na za ndani, na kunyamaza juu ya kasoro anakuhesabu kuwa dhuluma. Wajibu umehama: kutodanganya hakutoshi, aliyejua ana deni la kusema. Na ni nafaka ileile ya sokoni. Bodi kuungua ni mvua, haina mwenyewe. Ila 96,000 iko juu na imekauka vizuri, 241,000 iko chini. Fundi asipoacha alama yoyote ya namba ya zamani amelipanga rundo, hata kama hakukusudia. Na mkulima naye, siku akilitaja gari lake kwa mnunuzi, ana deni hilohilo.

Mtu anaweza kusema kwamba mita zenyewe, tangu kiwandani, hazisemi kweli kiasi hicho. Ni sahihi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inakataza mshale wa spidi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini inauruhusu kuonyesha zaidi, kwa sehemu ya kumi ya mwendo huo na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda 80 kwa kweli linaweza kumwambia dereva 92 na likawa ndani ya kanuni. Basi la abiria linalopita Same likielekea Arusha, lenye ukomo wa 80 kwenye barabara wazi na 50 penye makazi, huenda dereva wake anaogopa tochi ya trafiki kabla ya wakati. Je, huo si uongo? Hapana, kwa sababu kanuni imechapishwa wazi, inahusu magari yote, na kosa lake limeelekezwa upande wa uhai. Anayerudisha kilomita hufanya kwa siri, kwa gari moja, na hasara yake huielekeza kwa mtu asiyejua.

Geji ya joto ina mashaka zaidi. Magari mengi ya kisasa yametengenezwa ili mshale ukae katikati bila kutikisika ingawa joto la maji linapanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, eti dereva asipate wasiwasi. Mshale ukianza kusogea, mambo yamekwisha kuharibika. Aliyebuni hivyo alimfikiria dereva wa mji wenye gereji kila kona. Hakumfikiria dereva wa Mbaga. Kumtuliza mtu kwa kumpunguzia habari zinazohusu usalama wake si fadhila, na wahandisi wanastahili kuulizwa juu ya hilo kama fundi anavyoulizwa juu ya kilomita.

Serikali ina njia yake ya kulinda mashahidi wa namna hii. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za sokoni na pampu za mafuta na kuzitia lakiri, na vita vyake dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, vinajulikana kwa kila mkulima wa vitunguu. Pampu ikifunguliwa, lakiri hukatika na kusema. Mita ya kilomita ya gari la mtu haina lakiri. Inalindwa na kitu kimoja tu, dhamiri ya anayejua klipu zilipo.

Wapare hawakuwahi kukichukulia kipimo kirahisi. Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, penye makao makuu ya wilaya, na kukaa hapo kupinga mbiru, kodi ya viwango iliyotegemea makadirio ya mali ya kila mtu. Kodi ya kiwango kimoja, iliyojulikana, walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni kupimwa kwa makadirio yaliyofanywa na wengine juu ya mali zao. Wanawake nao waliingia katika upinzani huo, na mwishowe mbiru ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu kidogo mwaka 1971, nacho kinastahili kusomwa upya na kila mwenye kazi ya kupima vitu vya watu.

Kimambo huyohuyo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare ya mwaka 1969, anawaeleza Washana, wahunzi wa Ugweno huko kaskazini, ambao walitawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Majembe ya chuma cha Ugweno yalivuka hadi kwa Wachaga. Mnunuzi wa jembe hakuweza kuona ndani ya chuma kama kimeiva, alinunua ukoo. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa sababu alijua kilichomo mahali ambapo wengine waliona uso tu, na jina lake lilisafiri pamoja na jembe. Fundi wa leo, aliyekaa chini ya mwarobaini karibu na stendi, hana faida hiyo. Gari analolitengeneza Jumatatu laweza kuwa limeuzwa Ijumaa, mikoa mitatu mbali. Namba ya kilomita itasafiri nalo. Jina la fundi halitasafiri, labda aliandike.

Na kuandika kunawezekana. Kadi ya oili inayoning'inia kwenye gari ina nafasi ya tarehe na kilomita. Kwa gari la yule mkulima wa tangawizi fundi anachukua kalamu, anaandika kwamba mita ya zamani ilikoma 241,000, ya sasa imeanza 96,000, na tarehe, na namba yake ya simu. Kisha anaandika maneno yaleyale kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye bodi ya mlango, upande wa dereva, kwa kuwa kadi hupotea. Anamwonyesha mwenye gari kabla hajadai ujira wake.

Anarudisha waya wa hasi. Anageuza ufunguo hadi nusu, kabla ya kuwasha, na hapo taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka kwa pamoja kwa sekunde chache: injini, oili, betri, breki, mfuko wa hewa. Anazihesabu kwa kidole, moja moja, mkulima akiwa ameinama dirishani akihesabu naye. Ziko zote. Anawasha, nazo zinazima kwa zamu, ya mfuko wa hewa ikichelewa kidogo kuliko wenzake, na mshale wa mafuta unapanda taratibu hadi robo, pale tangi lilipo kweli.